Mama wa Ilula hakurudi

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea unasihi huko Mbeya aliniandikia: "Dada, nikiwa kidato cha tano niliugua sonona. Nikianza kazi, wateja niwaambie au nifiche?" Namjibu hapahapa, maana najua wengi mnaonisoma mnaota ofisi yenu wenyewe, viti viwili na mlango unaofunga vizuri.

Mimi niliugua kabla sijawa mnasihi. Nilijifungua mtoto wa miezi saba, akaishi siku mbili. Tulikuwa Mafinga, mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua. Watu walikuja, wakala, wakaondoka, nikabaki nimelala natazama bati hadi Desemba. Ndugu walisema nimelogwa. Mama mkwe alisema nadeka. Niliandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, ya kumeza usiku, ikanikausha mdomo kama niliyetafuna ndizi mbichi, lakini baada ya wiki kadhaa nikaanza kulala, kisha nikaanza kuoga bila kuambiwa. Miaka ya chuo siisimulii, ilikuwa madesa na madeni.

Kazini kwangu kwa kwanza mwenzangu mmoja alisikia habari zangu, akasema mbele ya watu: "Sasa mgonjwa atamponyaje mgonjwa?" Wakacheka, nami nikacheka. Mpaka leo nikimenya viazi huwa namjibu peke yangu jikoni.

Basi akaja mama muuza nyanya wa Ilula, amefiwa na mtoto (nimebadilisha mawili matatu asijulikane). Tukasalimiana kamwene, kamwene, akakaa. Alipoanza tu kulia, nikaona leo ndiyo leo, yule mwenzangu atanitambua. Nikammwagia yote: mtoto, bati, dawa, mama mkwe. Kuja kutazama saa, dakika thelathini na tano zimekwenda. Mama ameshanyamaza. Akanishika mkono: "Pole mwanangu, Mungu atakupa mwingine."

Maneno yaleyale niliyoyachukia kuliko yote! Akajifunga kanga akaondoka, hata jina la mwanawe hajalitaja. Wiki iliyofuata aliacha sado ya nyanya kwa mlinzi, hakuingia. Hakurudi tena.

Msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Ulimsimulia kwa faida ya nani?" Nililia chooni.

Baadaye nikasoma habari za Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni DBT, tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kumudu hisia, kwa watu wanaojidhuru na wanaotaka kujiua. Yeye mwenyewe alilazwa kwa hayohayo akiwa na miaka 17, mwaka 1961. Hadharani alikuja kusema 2011, tiba yake ikiwa tayari inatumika sehemu nyingi. Miaka hamsini! Mateso yake yalimtuma kazi, ila hakuyaweka mezani yafanye kazi badala yake.

Kwa hiyo, binti yangu, usiseme yote. Kidonda kibichi hakitibu mtu. Kama ukisimulia sauti bado inakukatika, tafuta mnasihi wako wewe kwanza, na usione aibu, sisi washauri ndio wabishi wa kushauriwa. Ukisema, sema sentensi moja, kisha mrudishie mteja zamu yake. Na usiseme yote. Nimeshasema? Narudia, kwa sababu utatamani.

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda wa Kihesa alikataa dawa, eti zitamfanya zezeta. Nikamwambia, "Mimi nimewahi kuzimeza. Wewe unaogopa nini hasa?" Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, halafu akaongea mpaka muda ukaisha. Siku hiyo nilijinunulia kuku mzima, sitaficha.

Lakini nikienda Dar, basi likipunguza mwendo pale Ilula na wauza nyanya wakakimbilia madirishani, bado huwa nachungulia nyuso. Nikimwona nitamuuliza jina la mtoto.