Nenda, hata kama si mpenzi wa mbio

Dada, umeuliza kama NASCAR Hall of Fame, makumbusho ya magwiji wa NASCAR (mashindano makubwa ya mbio za magari Marekani) huko Charlotte, inamfaa mtu asiyefuatilia mbio za magari. Inamfaa sana, tenga saa tatu. Ukiingia utaiona Glory Road, njia iliyopangwa magari 18 ya zama mbalimbali. Inaanza tambarare, kisha inainama hadi nyuzi 33. Ukilitazama gari lililolala ubavu vile, utaelewa kona za uwanja wa mbio wa Talladega zinamtaka dereva awe na moyo gani.

Usiupite mtambo wa kupikia gongo! Aliuunda Junior Johnson mwenyewe, dereva aliyejifunzia mwendo kwenye barabara za milimani, akisafirisha pombe ya baba yake usiku.

Ila mimi kilichonigusa zaidi ni habari za dereva Wendell Scott. Desemba 1963, Jacksonville, alishinda, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu za NASCAR, lakini dereva mzungu ndiye akatangazwa mshindi. Walikubali kosa baadaye, watazamaji wakiwa wameshaondoka, na kombe siku ile hakupewa. Aliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa Hall of Fame 2015, miaka mingi baada ya kufariki. Simama hapo kidogo, usikimbilie magari.