Chatu mpya nyumbani: anza na sakafu ya kizimba

Anayenunua nyoka kwa mara ya kwanza huniuliza habari za chakula: anakula nini, mara ngapi, na panya wanapatikana wapi. Mimi humrudishia swali: utamlaza kwenye nini? Kwa miaka ninayofuga nyoka hapa Uingereza nimeona kwamba nyoka anayesusa chakula, anayejivua gamba vipande vipande, au anayekesha akisukuma kioo kwa pua, mara nyingi shida yake imeanzia kwenye kile alichotandikiwa.

Namzungumzia chatu mfalme, Python regius, kwa sababu ndiye ninayemfuga na ndiye wengi huanza naye. Ni chatu mdogo. Akikomaa kwa kawaida hufika urefu wa mita 1 hadi 1.5. Kwao ni kuanzia Senegal, kupitia Ghana, Togo na Benin, hadi Uganda. Huko mchana hujichimbia ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na giza likiingia ndipo hutoka. Fikiria hilo shimo: ni giza, lina unyevu kuliko juu ya ardhi, joto lake halirukiruki, na kuta zake zinamgusa mwilini pande zote. Nyoka huyu hujiona salama anapobanwa. Ukilishika hilo, maamuzi mengi ya kizimba yanakuwa mepesi.

Nyinyi mlio nyumbani Afrika Mashariki, kabla ya yote tafuteni kibali. Kwa Kenya ni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Na tafadhali msiokote chatu porini mkamfungia ndani. Chatu wa kwetu huweza kuzidi mita 4, hubeba vimelea, na hakuzoea kufungwa. Kumfuga huyo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa matandiko. Chaguo langu la kwanza ni makumbi ya nazi. Huku huuzwa yakiwa yamekaushwa na kushindiliwa kama tofali. Unalowesha kwa maji ya uvuguvugu, yanavimba, unayakamua, unatandaza. Hushika unyevu vizuri, hayatoi harufu kali, na nyoka anaweza kujifukia. Kasoro yake ni vumbi yakikauka sana, kwa hiyo mimi huyachanganya na vipande vya magome ya miti, yale yanayouzwa kwa wapanda okidi au magome ya saiprasi. Magome huacha nafasi za hewa, na mchanganyiko haushikamani kama tope.

Kina kisipungue sentimita 7 au 8. Watu wengi hutandaza kidogo tu, kama wanaofunika rangi ya sakafu, halafu wanashangaa kwa nini unyevu hautulii. Tandiko jembamba hukauka kwa siku moja. Tandiko nene hukupa tabaka mbili: chini pana unyevu, juu pakavu. Ili kupata tabaka hizo, usipige maji juu kila saa kwa chupa ya kunyunyizia. Mimina maji kwenye pembe za kizimba, taratibu, yashuke yenyewe hadi chini. Juu pakilowa mfululizo, tumbo la nyoka hukaa kwenye majimaji, na magamba ya tumboni huanza kubadilika rangi, kuwa mekundu au ya kahawia, kisha kuoza. Ugonjwa huo huanza kimya na matibabu yake ni marefu. Kipimo cha mkono ni hiki: chota tandiko la chini, likamue; lishikamane bila kudondosha maji.

Kipima unyevu kisome kati ya asilimia 55 na 70, na kizidi hapo kidogo anapokaribia kujivua gamba. Kwa sisi tunaoishi nchi za baridi, majira ya baridi ndiyo mtihani, maana vipasha joto vya nyumba hukausha hewa kupita kiasi. Kama kizimba chako kina mfuniko wa wavu, funika sehemu yake kubwa, lakini acha nafasi ya hewa, na usizibe kamwe karibu na taa ya joto.

Maranda ya mbao yana habari ndefu kidogo. Maranda ya mti wa aspeni ni mazuri sana kwa nyoka wa mahindi wa kusini mashariki mwa Marekani, kwa sababu yeye hupenda pakavu na huchimba njia zake humo ndani. Kwa chatu mfalme sikushauri: kwa unyevu anaouhitaji, aspeni huota ukungu upesi. Maranda ya mwerezi usimwekee nyoka wa aina yoyote. Ile harufu nzuri tunayoipenda kabatini ni mafuta ya mti, na kwa mnyama anayeishi ameiinamia usiku na mchana ni sumu. Msonobari nao nauepuka kwa sababu hiyohiyo. Mchanga mtupu hukausha. Zulia la kizimba hushika uchafu na vijidudu hata ukilifua.

Karatasi je? Gazeti au tishu za jikoni ni mwanzo mzuri sana kwa nyoka ambaye hujui alikotoka. Juu ya karatasi nyeupe unaona kila kitu: choo kikoje, kama kuna damu, kama kuna utitiri, vile vidoa vyeusi vinavyotembea na ambavyo mara nyingi hukutwa vimezama kwenye bakuli la maji. Ukiwa na nyoka wengine, mgeni akae kwenye chumba chake kwa miezi 2 hadi 3, na vyombo vyake visichanganywe. Lakini karatasi haimpi pa kujifukia wala haishiki unyevu. Ukiitumia, ongeza maficho, na umwekee kasha lenye tundu la kuingilia, lililojazwa kuvumwani (mimea laini inayoota kama zulia penye unyevu) iliyoloweshwa ili aingie anapotaka unyevu. Kama amelelewa na mfugaji unayemwamini na huna nyoka mwingine, mtandikie makumbi tangu siku ya kwanza.

Kizimba kiwe tayari kabla nyoka hajafika, kimewashwa siku kadhaa, umeona joto linavyokaa usiku na mchana. Upande wa joto nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, upande wa ubaridi 25 au 26. Kila kifaa cha joto kipitie kwenye themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, bila kubagua. Na hapa tandiko linarudi: mkeka wa joto uliowekwa chini ya kizimba huzuiwa na tandiko nene, na nyoka akichimba hadi chini anaweza kuungua. Kwa tandiko nene ni heri joto litoke juu, kwa kifaa kilichozingirwa wavu ili asiweze kukigusa.

Maficho yawe mawili, yanayofanana, moja kila upande. Ukiweka moja tu, unamlazimisha achague kati ya joto na usalama, na atachagua usalama hata kama anaumwa na baridi. Yawe madogo kiasi cha mgongo wake kugusa dari. Nafasi iliyobaki katikati ijaze majani makavu, magogo na mimea, asipite uwanja mtupu. Kizimba cha kioo kizibe pande tatu kwa karatasi nzito.

Akishafika, mwache. Wiki nzima usimshike, usimfunulie maficho kumtazama, usiwaonyeshe wageni. Badilisha maji tu na uondoke. Najua ni vigumu, hasa kwenye nyumba yenye watoto, ila hakuna msaada mkubwa kuliko huo.

Baada ya wiki, jioni, mpe panya aliyegandishwa, akayeyushwa na kupashwa kwenye maji moto hadi kichwa kiwe na uvuguvugu wa mnyama hai. Unene wake usizidi sehemu nene ya nyoka. Mshike kwa koleo ndefu, na mlishie humohumo kizimbani. Kumhamishia kwenye boksi la kulia, kama wengine wanavyoshauri, kunamtisha, na nyoka aliyetishwa hukataa au hutapika. Punje mbili tatu za makumbi zikiingia na chakula hupita zenyewe. Ukiwa na wasiwasi, weka panya juu ya jiwe bapa.

Akikataa, ondoa panya na usimjaribu tena hadi wiki nyingine ipite. Chatu mfalme mzima aweza kufunga miezi, hasa msimu wa baridi, akiwa mzima wa afya. Mpime uzito kwa mizani ya jikoni uliyomtengea na uandike. Akipoteza kama asilimia 10 ya uzito, au akiwa mchanga na bado hajala kabisa, au akipumua kwa mluzi mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Kumshika anza baada ya kula milo miwili mitatu bila kusita. Dakika chache, mwili wote ukiwa umeegemea mikono yako, wala si ndani ya siku mbili baada ya mlo, wala macho yakiwa na utando wa buluu kabla ya kujivua gamba. Kisha osha mikono kwa sabuni, maana reptilia hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Watoto wa chini ya miaka 5 wasimguse kabisa.

Choo kitoe siku hiyohiyo pamoja na tandiko lililokizunguka. Tandiko lote nalibadilisha baada ya miezi 3 au 4, ila huacha konzi kadhaa za lile la zamani, safi na lisilo na ukungu, nikazichanganya na jipya. Ana ulimi unaosoma harufu za mahali, na ukimfutia zote kwa siku moja huweza kuanza tena kusukuma kioo na kususa chakula.