Gia zinakwaruza kwenye Land Rover 109: pima klachi kabla ya kushusha giaboksi

Mkuu, subiri kidogo kabla hujatuma hela ya giaboksi. Umesema una 109 Series III ya petroli, lilikuwa limeegeshwa muda mrefu kabla hujalinunua, gia ya kwanza na rivasi zinakwaruza vibaya injini ikiwa inaunguruma, ukizima moto gia zote zinaingia laini, na fundi ameshakwambia giaboksi imekufa, utafute ya mtumba kule Gerezani, Dar. Mimi ninalo gari la aina hiyohiyo hapa Arusha, na mfumo mzima wa klachi na gia nimeufungua nikiwa na fundi mzee wa Land Rover pembeni. Kwa dalili ulizotaja, nisingegusa giaboksi. Hiyo ni klachi isiyoachia.

Injini ikizimwa hakuna kinachozunguka ndani, ndiyo maana gia zinaingia bila kelele. Giaboksi yenye meno yaliyovunjika au uma (ule unaosukuma gia) uliopinda ingekusumbua hata gari likiwa limezimwa. Ukiwasha na kukanyaga pedali, shafti inayoingia giaboksi inatakiwa kutulia. Klachi pleti ikiendelea kugusa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) hata kidogo, shafti nayo inaendelea kuzunguka, na wewe unalazimisha meno yanayozunguka yaingiane na yaliyosimama. Ukiendelea hivyo kwa miezi, hapo ndipo giaboksi nzima inakufa kweli.

Jipimie mwenyewe. Washa gari, acha lipate moto, gia ikiwa huru. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole mpaka kumi, halafu ingiza rivasi. Rivasi ya gari hili haina sinkronaiza (kile kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana), kwa hiyo ukiiingiza mara tu baada ya kukanyaga italia kidogo hata kwenye gari zima, na hilo lisikutishe. Gia nne za mbele za Series III zote zina sinkronaiza (Series II na IIA zilikuwa nayo kwenye ya tatu na ya nne tu), hivyo unaweza kugusa gia ya pili kwanza ili shafti isimame, kisha ukaenda rivasi bila kuachia pedali. Kama umesubiri, umegusa ya pili, na rivasi bado inakwaruza, klachi haiachii. Gari likiwa kwenye gia likaanza kujivuta kidogokidogo ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, ndiyo huna haja ya kipimo kingine.

Sasa, kwa nini haiachii? Anza na mfumo wa mafuta ya breki unaosukuma klachi, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi kufikia na ndiko nilikokuta matatizo mara nyingi, kwa gari langu na kwa magari ya watu. Klachi ya Series III inasukumwa na masta silinda (pampu ya juu) iliyo kwenye boksi la pedali, mafuta yanapita kwenye bomba na hozi ya mpira hadi slevu silinda (pampu ya chini) iliyofungwa kwenye belihauzi, yaani nyumba ya klachi kati ya injini na giaboksi. Ingia chini ya gari, mwenzako akanyage pedali, na wewe uangalie fito ya slevu (kile kijiti cha chuma kinachosukuma klachi) inasogea kiasi gani. Ya kwangu ikiwa nzima inasogea zaidi kidogo ya sentimita moja. Ikisogea milimita chache tu, tatizo liko kabla ya giaboksi na hakuna sababu ya kufungua kitu kingine chochote.

Kwenye gari lililokaa, nakuomba uiangalie sana ile hozi ya mpira. Hii watu wengi wanairuka kwa sababu haivuji. Ishike kwa vidole mwenzako akiwa anakanyaga. Ukiisikia inavimba, nguvu ya mguu inaishia kwenye mpira badala ya kufika slevu. Ya kwangu kwa nje ilikuwa nzuri kabisa, nyeusi, haina hata ufa. Tulipoitoa na kuipasua kwa wembe kwa urefu, ndani ilikuwa imevimba hadi tundu limebaki dogo kuliko kijiti cha kiberiti, na vipande vya mpira vinatoka kama unga mweusi ukivigusa. Masta na slevu zote zilikuwa zimeshabadilishwa na mtu aliyenitangulia, na shida ilikuwa palepale. Mwaka mmoja kabla yake kuna mwenzetu alishanunua giaboksi nzima kwa dalili hizohizo, ikafungwa, gari likawashwa, rivasi ikakwaruza vilevile. Inaniuma mpaka leo, maana ile pesa ingemtosha kupaka gari rangi.

Masta ikipitisha mafuta kwa ndani, pedali inazama taratibu ukiishikilia chini, na nje hakuna hata tone. Ikivuja kwa nyuma, utaona unyevu unashuka kwenye mkono wa pedali, rangi ya hapo imebabuka. Slevu ukiifunua kimfuniko cha mpira ukakuta majimaji, imekwisha. Na tafadhali, usiongeze kitu kingine zaidi ya mafuta ya breki. Najua porini watu huongeza maji ya sabuni ili wafike nyumbani, lakini maji hayo yakibaki ndani yanaotesha kutu kwenye silinda, na oili ya injini ndiyo mbaya zaidi, inavimbisha raba zote za mfumo ndani ya muda mfupi. Kama huna uhakika mtu wa kwanza aliweka nini, mwaga yote.

Ukishabadilisha, kutoa upepo kwenye gari hili kunahitaji subira. Njia iliyonifaa ni kusukuma pistoni ya slevu irudi ndani kabisa na kuishikilia hapo wakati wa kutoa upepo, ili hewa isipate chumba cha kujificha nyuma yake. Halafu rekebisha fito ya masta: kati ya fito na pistoni pawe na nafasi ya kama milimita 1.5. Usipoacha nafasi hiyo mafuta hayarudi kwenye kopo lake, klachi inabaki kama imekanyagwa nusu, na baada ya wiki chache utarudi hapa ukisema klachi inateleza.

Kama slevu inasogea vizuri na bado klachi haiachii, ndipo uwaze vya ndani. Kwa gari lililoegeshwa muda mrefu, hasa mahali penye unyevu, pleti inaweza kuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu. Hapo gia haziingii kabisa injini ikiwaka. Kwanza jaribu kubana pedali chini kwa kipande cha mbao kinachoegemea kiti, uiache usiku kucha. Ikishindikana, tafuta uwanja mpana usio na watu, pasha injini moto, izime, weka gia ya chini, kanyaga klachi, piga stata gari liondoke, kisha ongeza na kupunguza moto kwa ghafla ukiwa bado umekanyaga. Mara nyingi inaachia kwa mshtuko. Usifanye hivyo uani penye watoto na ukuta.

Kama klachi iliwahi kufungwa upya, muulize aliyekuuzia nani alifunga na lini tatizo lilianza. Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi, na ikigeuzwa kitovu chake kinagusa na haitaachia hata ufanye nini. Pia kuna bushi ndogo ya shaba mwisho wa krenki, mahali ncha ya shafti ya giaboksi inapokaa. Ikikauka na kung'ang'ania, inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia vizuri. Bushi hiyo ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na kazi ya kuifikia, maana giaboksi ya gari hili inatolewa kwa ndani: viti, boksi la viti na sakafu vyote vinatoka kwanza, na boliti zake zimeliwa na kutu. Kwa hiyo siku ukifika huko, badilisha pleti, presha pleti (inayoibana pleti kwenye flaiwili), rilizi beringi (inayosukuma klachi iachie) na bushi kwa pamoja.

Umeuliza pia kuhusu mlio na oili inayodondoka. Mlio ukija pale tu unapokanyaga klachi, shuku rilizi beringi. Ukisikika gari limesimama gia huru na kupotea ukikanyaga, ni beringi za giaboksi. Ukitembea, sikiliza gia ya nne: hapo nguvu inapita moja kwa moja bila kuelemea shafti ya chini, kwa hiyo mlio ulio mkubwa kwenye ya kwanza hadi ya tatu na kutulia kwenye ya nne unatoka kwenye shafti ya chini au beringi zake. Usiotofautisha gia, unaofuata mwendo tu, tafuta kwenye transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), propela au difu.

Oili chini ya belihauzi inuse. Nyepesi na nyeusi inatoka kwenye sili (raba ya kuzuia uvujaji) ya nyuma ya injini. Nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi. Kile kitundu cha chini ya belihauzi kina plagi yake ya kufunga unapovuka mito, na nje ya hapo kinatakiwa kiwe wazi. Nimekuta magari yamezibwa moja kwa moja ili yasichafue sakafu, na oili yote inaishia kwenye klachi. Ukiipanda ile milima ya Mto wa Mbu kwenda Karatu, klachi inateleza, injini inapiga kelele na gari haliendi. Pima pia oili ya giaboksi na ya transfa, kila moja kwa plagi yake. Sili iliyo kati yao ikichoka, oili inahama kutoka moja kwenda nyingine, na utadhani haijapungua. Weka oili ya gia ya EP90, daraja la GL-4; ile ya GL-5 ni ya difu na sinkronaiza haziipendi.

Kuhusu gia ya pili kuchomoka ukiachia moto (eksileta), hilo liache kwanza. Angalia raba za kushikilia injini na giaboksi, kisha springi na gololi zinazoshikilia gia. Tutaliongea likibaki baada ya klachi kupona.

Kwa leo fanya kile cha rivasi na kile cha fito ya slevu. Lete majibu ya vyote viwili hapa pamoja na picha ya hozi, nitakuelekeza spea ipi ununue kwanza.