Mwanangu halali usiku, mchana haamki

*Shangazi, shikamoo. Kijana wangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Tangu Julai, waliposema mtihani haupo tena mwaka huu, amebadilika. Usiku mzima yuko kwenye simu, mchana analala mpaka adhuhuri. Hata viazi karai ninavyouza jioni, alivyokuwa akinidokolea, sasa havitaki. Ratiba yake ya kudurusu ameichana. Shati la shule limetundikwa nyuma ya mlango tangu Machi na hataki niliondoe. Babake, ambaye hoteli ilimrudisha nyumbani, anamwita mvivu. Juzi kamnyang'anya simu, na sasa kijana hasemi na mtu. Huu ni ujana tu ama ni ugonjwa? Mama, Kisauni, Agosti 2020.*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye lile shati. Mvivu hatundiki shati la shule miezi mitano. Wala mvivu hana ratiba ya kuchana. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, yeye akaendelea kuisubiri KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ya Novemba. Kisha Julai 7 Waziri wa Elimu, Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, warudie Januari. Siku hiyo hiyo ndiyo tuliyofunguliwa njia za kutoka Mombasa. Sisi wakubwa tukakimbilia habari za mabasi. Yeye nani alimpa pole?

Amefiwa na mwaka mzima, dadangu. Mtu akifiwa, sisi hwenda kukaa naye. Huyu ameambiwa aamke.

Kwa hivyo anza na pole. Usimweke kitako sebuleni, wewe na babake mbele yake kama kesi ya chifu. Mwite jioni mmenye viazi pamoja. Kijana wa umri huo husema macho yakiwa kwenye kisu, hasemi akikodolewa. Mwambie: "Ulijitayarisha, mwaka ukapotea. Nami iliniuma, ila sikukwambia." Halafu nyamaza. Ndoo ikiisha bila yeye kutamka neno, kesho mwite tena.

Simu mrudishieni. Shule imefungwa, saa tatu usiku ni kafyu. Wenzake wote wamo mle ndani ya simu. Pataneni naye kwamba ikifika saa tano simu zote zinalala sebuleni, zenu pia. Asubuhi fungua dirisha, umtume sokoni kabla jua halijawa kali. Usingizi wa vijana huchelewa wenyewe, na asiyetoka kuona mwanga wa asubuhi huzidi kuchelewa.

Babake msomee hapa: Shemeji, wewe kazi imekuponyoka bila kosa lako, na mwanao shule imemponyoka bila kosa lake. Mmeumia pahali pamoja. Mwambie hivyo tu, kwa mdomo wako.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Mimi sipimi mtu kwa barua. Lakini usingizi, chakula na maneno vikivurugika pamoja kwa zaidi ya mwezi, hapo hatungoji. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Nenda naye, na usimfiche unampeleka wapi. Na akianza kugawa vitu vyake, au kusema yeye ni mzigo, au kutajataja kifo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake hata dakika, ondoa vidonge na sumu ya panya nyumbani, umpeleke hospitali usiku huo huo. Namba 116 ni ya watoto, hailipishwi, usiku na mchana. Anaweza kupiga mwenyewe bila kukuomba ruhusa.

Lile shati limeshika vumbi sasa. Mwombe ulifue, ulipige pasi, kisha ulirudishe pale pale nyuma ya mlango.