Mlango wa Mkulo Ukioza Chini, Usikimbilie wa Chuma

Msomaji mmoja wa Moshi ameniuliza wiki hii afanyeje na mlango wa paneli wa nyumba ya babu yake. Ni mkulo mtupu, mbao ya mti wa msitu wa mlimani, juu mzima kabisa, chini umeoza, na fundi kamshauri aweke wa chuma. Ndugu yangu, usiuguse huo wa chuma. Msitu wa asili wa Kilimanjaro uko ndani ya Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kwa hiyo mkulo wa mlimani hauvunwi tena kihalali. Mlango wako wa mkulo ukiuchoma kuni, ndio basi. Inaniuma kuona milango ya namna hii imeegeshwa nje ya magenge ya mama lishe ikisubiri shoka.

Kabla ya msumeno, tafuta maji yanakotoka. Kwenye nyumba za zamani za Moshi na Arusha sababu huwa ni mbili. Sakafu imeongezwa saruji au vigae miaka ya baadaye, na miguu ya fremu ikazikwa humo. Saruji inashika unyevu, mbao inaunyonya. Ya pili ni maji ya kudeki. Kila asubuhi yanapita chini ya mlango, na ubavu wa chini wa mlango karibu kila mara haujawahi kupakwa rangi. Usipoondoa hayo, kazi yote nitakayoeleza hapa itaoza tena.

Ng'oa mlango, ulaze, chukua bisibisi na uchome kila sentimita chache kuanzia chini. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inaingia zaidi ya milimita 5 bila nguvu. Weka alama mahali inapoanza kukataa, kisha panda milimita 50 zaidi, ndipo utakapokata, kwa sababu ukungu unaoozesha hutangulia mbele ya uozo unaouona. Fundi anayejaza hapo gundi na vumbi la mbao anakudanganya: vumbi halibebi uzito, nalo linafungia unyevu ndani.

Mguu wa mbao ya wima, ile ya ubavuni mwa mlango, usiukate mraba. Ukate kwa mshazari, urefu wa mshazari usipungue mara 4 ya unene. Mlango wa milimita 45 unataka milimita 180. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mshazari uanze juu upande wa ndani, ushuke utokee chini upande wa nje. Hapo mbao ya zamani inafunika kipande kipya kwa nje, na mvua inateleza. Ukigeuza, umechonga mfereji wa kuingiza maji. Nyoosha nyuso zote mbili kwa randa iliyonolewa hadi zikikutana mwanga usipenye. Gundisha kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, kwa kuwa gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa, na usikaze klampu hadi gundi yote ikakamuliwa nje.

Kipande cha kuunga kitoke wapi? Tafuta mkulo wa nyumba inayobomolewa. Ukikosa, mninga unafaa sana kwa sababu hausinyai wala kuvimba kirahisi. Mvule pia ni imara, ila una mawe ndani yanayovunja makali ya patasi, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, vaa barakoa. Mbao mbichi ya sokoni kataa, hata ikiwa bei nzuri. Kadiria mwaka mmoja kivulini kwa kila milimita 25 za unene. Mistari ya mbao ifuate ile ya zamani, wima kwa wima.

Ndimi za mbao ya chini, yaani ncha zake zinazoingia kwenye mbao za wima, zikiwa zimeoza, usibadilishe mbao nzima. Chimba tundu kwenye ncha yake, ingiza ulimi mpya wa mbao ngumu wenye unene wa theluthi ya mlango, yaani milimita 15, uugundishe. Upande wa mbao ya wima ufunge kwa kijiti cha milimita 10. Tundu la kijiti kwenye ulimi lisogee milimita 1.5 kuelekea bega la kiungo, pale ulimi unapoanzia. Kijiti kikipigwa kinavuta kiungo chenyewe, huhitaji msumari. Paneli, ule ubao wa katikati, usiigundishe popote. Iache ielee kwenye mfereji wake, nafasi ya milimita 3 kila upande, la sivyo itapasuka katikati kiangazi kikianza.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiichome kwa moto wala kuipiga msasa mkavu. Lowesha, na watoto wakae mbali.

Mlango ukikwama Aprili, usiurande. Umevimba kwa masika tu, na ukiuranda sasa, ifikapo Januari utaona barabara kupitia ufa. Subiri ukauke, kisha acha nafasi ya milimita 3 pembeni na juu, na 6 chini.

Kabla ya kuurudisha kwenye bawaba, usimamishe kichwa chini na upake ubavu wa chini mikono mitatu ya rangi ya mafuta, ukizidisha kwenye ncha za mbao za wima, ambako maji hupanda haraka kuliko mahali pengine popote. Ukipaka mafuta ya kitani badala ya rangi, matambara yake yaloweke kwenye ndoo ya maji usiku huohuo, maana yakirundikwa makavu huwaka yenyewe.