Bhabanipur: kwa nini mwaka mmoja una washindi wawili?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa jedwali la matokeo ya uchaguzi ya Bhabanipur, jijini Kolkata, West Bengal, India, kwa ajili ya tasnifu yangu. Mwaka 2011 una washindi wawili, na 2021 vilevile. Kurudi nyuma ya 2011 jina linapotea kwa miongo kadhaa, halafu naliona tena miaka ya 1950. Zaidi ya hayo, mwanasiasa Mamata Banerjee alishindwa Nandigram, eneo jingine la uchaguzi, mwaka 2021, na siku tatu baada ya matokeo akaapishwa kuongoza serikali ya West Bengal! Takwimu zangu zina kasoro, au kuna sheria nisiyoijua?

Jibu: Marahaba. Takwimu zako ni nzima, ila sheria ndiyo iliyokupita.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chetu kinatutega hapa. Sisi Watanzania "jimbo" ndilo analotoka mbunge, ilhali West Bengal nayo huitwa jimbo. Nitaazima "eneo bunge" kwa Wakenya niite hivyo Bhabanipur, na West Bengal ibaki jimbo. Mkuu wa serikali ya jimbo nitamwita waziri kiongozi, cheo ambacho Zanzibar walikuwa nacho hadi 2010.

Kwetu, waziri mkuu sharti awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni kabla hajateuliwa. India hawakufunga mlango namna hiyo. Ibara ya 164(4) ya Katiba yao inasema waziri akikaa miezi sita mfululizo bila kuwa mjumbe wa Bunge la jimbo, uwaziri wake unakoma. Kinyume chake ni kwamba ndani ya miezi hiyo sita anaweza kushika kazi bila kiti. Wala hawezi kujiuzulu siku ya mwisho, akaapishwa upya na kuanza kuhesabu tena. Mahakama ya Juu ya India ilizima ujanja huo mwaka 2001 katika kesi ya waziri mmoja wa jimbo la Punjab.

Sasa soma jedwali lako upya. Mei 2011 chama cha Mamata, Trinamool, kiliung'oa muungano wa Kushoto uliotawala miaka 34. Mamata hakugombea popote, kwani alikuwa mbunge wa taifa na waziri wa reli. Bhabanipur alishinda Subrata Bakshi wa chama hichohicho, akajiuzulu kumpisha, na Septemba ukafanyika uchaguzi mdogo ambao Mamata alishinda kwa tofauti ya kura 54,213. Bakshi hakutoka mikono mitupu: alichukua kiti cha bunge la taifa cha Kolkata Kusini ambacho Mamata alikiacha. Walibadilishana viti, kwa ridhaa ya wapiga kura.

Mwaka 2021 mambo yalikuwa magumu zaidi. Mamata aliiacha Bhabanipur akaenda kumkabili Suvendu Adhikari wa chama pinzani cha BJP huko Nandigram, akapata kura 108,808 dhidi ya 110,764. Zilimpungukia 1,956. Chama chake kilishinda jimbo zima, hivyo aliapishwa Mei 5, na saa ya miezi sita ikaanza kwenda. Hofu haikuwa kushindwa bali kutokuwapo uchaguzi, kwa sababu ya korona. Usidhani ni hofu ya bure: katika jimbo la Uttarakhand, waziri kiongozi Tirath Singh Rawat, naye akiwa hana kiti, alijiuzulu Julai mwaka huohuo kwa sababu hiyo. Huko Bhabanipur, Sovandeb Chattopadhyay wa Trinamool aliyekuwa ameshinda kwa tofauti ya kura 28,719 alijiuzulu, na Septemba 30 Mamata akapata kura 85,263 dhidi ya 26,428 za Priyanka Tibrewal wa BJP. Katiba ilikuwa imebakiza kama mwezi mmoja tu.

Kuhusu jina kupotea, hiyo ni kazi ya ramani. Siddhartha Shankar Ray, aliyekuja kuwa waziri kiongozi 1972 hadi 1977, aliingia Bunge la jimbo kupitia Bhabanipur mwaka 1957. Baadaye mipaka ikagawanywa upya na jina likafutwa, hadi ugawaji uliotumia sensa ya 2001 ulipolirudisha, na uchaguzi wa kwanza wa Bunge la jimbo chini ya mipaka hiyo ukawa wa 2011. Eneo la sasa ni kata nane za jiji la Kolkata. Ukichora mstari mmoja kutoka Ray hadi Mamata utakuwa umewaunganisha wapiga kura wa mitaa tofauti kwa sababu tu ya jina. Mimi ningeanzisha jedwali jipya 2011, na ya kale ningeyaweka kando.

Jihadhari pia na safu ya chama. Nandigram 2016 Suvendu alishinda kwa tofauti ya kura 81,230 akiwa Trinamool. Desemba 2020 akahamia BJP. Jedwali la vyama pekee litaonyesha eneo limegeuka, wakati mwenye kiti ni yuleyule, na ushindi wake umeshuka hadi kura zisizofika elfu mbili. Hapo ndipo ningetumia muda wangu kama tasnifu ingekuwa yangu.

Ongeza safu ya aina ya uchaguzi, mkuu au mdogo. Halafu usije ukamfuta Sovandeb ukidhani umemwandika mara mbili: Oktoba 2021 alisimama tena katika uchaguzi mdogo wa Khardaha na akashinda, kwa hiyo mwaka ule anaonekana katika maeneo bunge mawili kihalali.