Kabla hujaandika kichekesho chako, fungua cha Keaton

Ukipewa kazi ya kuchambua filamu fupi ya vichekesho kabla ya kutengeneza yako, usiandike kwamba ilikuchekesha sana. Andika kicheko kilitegwa wapi na kikafyatuka sekunde ya ngapi. One Week ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu bubu, ya mwaka 1920, ni mahali pazuri pa kuanzia: ni ya dakika 20 na ushee, haina mazungumzo ya kukupoteza, na ipo bure mtandaoni.

Maharusi wanapata nyumba ya kuunganisha, imekuja kwenye makasha yenye namba. Jamaa aliyekataliwa na bibi harusi anazibadilisha namba kisirisiri. Nyumba inasimama kombo, na vituko vingi vinavyofuata vinatoka kwenye namba hizo. Kosa moja, matokeo mengi. Filamu nyingi za wanafunzi huanguka hapa hapa: dakika tano zina vichekesho sita visivyojuana, na kila kimoja kinaomba utangulizi wake.

Itazame mara tatu. Mara ya kwanza starehe tu. Mara ya pili zima muziki. Umewekwa na watu wa baadaye, na hukuchekesha hata pasipostahili. Mara ya tatu shika daftari, chora safu nne: muda, kilichomo ndani ya fremu (eneo ambalo kamera inalionesha), anachojua mtazamaji, anachojua mhusika. Kazi yenyewe imo katika hizo mbili za mwisho. Namba zinapobadilishwa, sisi tunajua, maharusi hawajui, basi tunakaa tukingoja yawafike.

Sasa nenda karibu na mwisho. Nyumba inavutwa kwenda kiwanja kingine, inakwama juu ya reli. Treni inakuja. Maharusi wanasubiri pigo, sisi pia. Treni inapita reli ya pembeni, haigusi hata ubao. Wanashusha pumzi, na hapo treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba. Rudia kipande hicho mara kumi ukitazama kamera tu. Imewekwa mbali, kwa pembe inayokuzuia kutambua kwamba reli ni mbili. Aliyekudanganya ni fremu, mwigizaji hana hatia.

Hicho ndicho cha kuchukua. Ukichukua treni utakuwa umeiga. Chukua mtambo wake: hatari inakosa, watu wanalegea, nyingine inatoka upande usiotazamwa. Kwa mfano, trei ya mayai imesahaulika katikati ya barabara ya mtaa. Bajaji inakuja mbio, inaikwepa. Mwenye mayai anainama kuiokota, mkokoteni unarudi kinyumenyume na kuiponda.

Kamera ikae kwenye stendi, shoti pana inayoonesha barabara nzima, mkokoteni nje ya fremu. Fanya mazoezi kwa trei tupu, mwendo wa polepole, na mtu wa kuzuia magari halisi. Nunua trei tatu za mayai 30, kwa maana utapata teki tatu (mara tatu za kurekodi tukio hilo), labda mbili. Usipige klozapu, yaani picha ya karibu, ya gurudumu la mkokoteni. Kila mwanafunzi huitaka hiyo klozapu, na ndiyo inayoua kicheko, kwani inamwambia mtazamaji kinachokuja.

Mwigizaji asichekeshe. Keaton hakunji uso. Mwenye mayai akikodoa macho na kushika kichwa, amemfanyia mtazamaji kazi ambayo mtazamaji alitaka kuifanya mwenyewe.

Kwenye kuhariri, ugomvi ni ule muda kati ya bajaji na mkokoteni. Ukiwa mfupi mno, mtu hajalegea bado. Ukiwa mrefu, ameshaanza kukisia. Toa matoleo matatu: sekunde moja, mbili, tatu. Yaoneshe kwa watu watatu wasiojua kisa, kila mmoja toleo lake, nawe tazama nyuso zao, achana na skrini. Asipocheka yeyote, usianze kuchezea mwisho. Rudi kwenye shoti ya kwanza, uone kama trei inaonekana vizuri pale barabarani.